Wa Kumpokea Mama

Nikisikia harufu ya spiriti narudi kimawazo mtaani kwetu Makole, asubuhi mama akitoka zamu ya usiku. Alikuwa muuguzi. Akiwa naiti nililala kwa jirani yetu Bi Mwajuma, na kulipokucha nilikaa barazani kwake nikimsubiri mama apite na viatu vyake vyeupe vilivyojaa vumbi, anichukue twende nyumbani.

Siku moja alitokea jua likiwa utosini. Baba, aliyekuwa akinunua alizeti kijijini Haneti na kuiuza sokoni, siku hiyo hakwenda kokote. Alisimama mlangoni, akamuuliza alikuwa wapi.

"Nilikuwa namsubiri wa kunipokea," mama akajibu, sauti imemkauka kwa uchovu.

Kwa wauguzi, wa kukupokea ni mwenzako anayeingia zamu. Asipofika huondoki, maana wagonjwa hawaachwi peke yao. Baba akasikia kuwa kuna mwanamume. Kofi la kwanza lilimwangusha mama kwenye ndoo za maji. Alipojaribu kuinuka akapigwa teke la mbavu, kisha baba akamkamata nywele, akawa anamgongesha kichwa ukutani, tena na tena, hadi gauni jeupe likalowa damu. Nilijua anakufa. Nilipiga mayowe mpaka Bi Mwajuma akaja mbio, akamng'ata baba mkono kwa meno yake machache yaliyobaki, wala hakuuachia mpaka baba alipomwachia mama. Mtaa mzima ulimcheka baba kwa kung'atwa na kibibi. Kwa kumpiga mke hakuna aliyemsema.

Jioni mama alijifunga bandeji mwenyewe, akavaa gauni jingine, akaenda kazini. Niliichukia kazi ile. Kwa miaka mingi niliamini neno moja ndilo lililomponza. Angesema tu mwenzake kachelewa, asingepigwa.

Sasa nami ni muuguzi. Juzijuzi nilikutana na muuguzi mmoja mstaafu aliyekuwa akipanga zamu za wodi ya mama. Nikamlaumu, nusu utani, kwa naiti zote zile walizompa mama yangu.

"Hatukumpa, mwanangu," akasema. "Aliziomba. Hata za wenzake alizichukua."

Baba aliishi na muuguzi miaka yote ile. Neno lile alilijua vizuri; lilikuwa kisingizio tu. Mchana alishinda sokoni, usiku alikuwa nyumbani. Kila jioni mama alikuwa akimkimbia, na kabla ya kukimbia alihakikisha mimi nimeshafika kwa Bi Mwajuma.