Bei ya Kovu

Mwaka ule askari wetu walipokuwa wakirejea kutoka Uganda, mimi nilikuwa bwana shamba wa Nemba, kijana wa Nyakisasa mwenye cheti kipya na kiburi cha kutosha chuo kizima. Watu walikuwa wamehamishiwa kando ya barabara, lakini ardhi nzuri ilibaki kule kule ilikokuwa, kwa hiyo mashamba niliyotakiwa kuyakagua yalikuwa mbali na nilikuwa nayazungukia kwa miguu. Baiskeli mpya ilihitaji kibali, na kibali kilihitaji kujuana na mtu. Mimi sikujuana na yeyote.

Nikasikia kuna mzee wa Kisukuma huko Kaniha anauza yake ili anunue plau ya ng'ombe. Nikaenda. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaitoa nje na kuiegemeza ukutani. Ilikuwa nyeusi, ya siku nyingi, bado imekaza. Niliipenda papo hapo na nikakunja uso asijue. Nilizungusha magurudumu nikasikiliza gololi, nikabonyeza tairi nione kama ndani mna mpira au mmeshindiliwa majani makavu ya migomba, kama wengi walivyofanya siku zile za uhaba. Mpira ulikuwamo. Kisha nikaona chini ya shingo ya usukani fremu imeviringishwa vipande vya mpira. Nikavifungua bila kuomba ruhusa. Ndani palikuwa na kovu nene la shaba, mahali fremu ilipowahi kukatika.

Nilifurahi kama mtu aliyekamata mwizi. Mzee alisema hakuwa anaficha kitu, alikuwa anazuia kutu. Iliungwa na fundi mwenye mguu mbovu pale Biharamulo mjini, na tangu hapo imebeba magunia ya pamba bila kulalamika. Sikumsikiliza. Nilimhubiria habari za chuma, mimi niliyesomea mihogo, nikakata theluthi ya bei. Nikaomba risiti. Akasema mchwa walikwishaila. Nikakata tena.

"Bwana shamba," mzee alisema, "unanunua baiskeli au unanivua nguo?"

Nilicheka. Mvua zilikuwa karibu na yeye hakuwa na mnunuzi mwingine, akakubali. Niliondoka haraka asije akabadili mawazo, hata kwa balozi wa nyumba kumi kuandikishana hatukupita. Nyumbani nikavifunga tena vile vipande vya mpira, nikivikaza kimoja juu ya kingine, ili siku nitakayoiuza mnunuzi asione.

Wiki ya pili niliitwa mkutanoni Biharamulo. Karibu na mji mgambo walikuwa wameweka kizuizi. Redio, cherehani na baiskeli za mali ya vita zilikuwa zinapenyezwa kutoka ng'ambo ya mpaka, na asiye na risiti alitakiwa kujieleza. Nilijieleza. Mkubwa wao, mtu mpole kuliko nilivyopenda, aliandika maneno yangu yote, kisha akasema kila anayekamatwa hapo ana mzee wake mahali fulani. Nyuma yake baiskeli kama kumi zilikuwa zimelala kwenye vumbi. Akaniambia mtumishi wa serikali akikutwa na mali ya vita kazi hana tena, na baada ya kazi ni jela.

Niliogopa vibaya. Ninaliandika hili wazi kwa sababu kwa miaka mingi nimekuwa nikilisimulia kana kwamba nilisimama imara. Nilimfikiria mama yangu, aliyekuwa amewatangazia watu wa Nyakisasa nzima kwamba mwanawe sasa ni bwana shamba. Ndipo nikamkumbuka yule fundi. Nikaomba aitwe. Mkubwa alisita, akamtuma mtu.

Wakati tukisubiri nilichuchumaa mbele yao wote nikaanza kufungua vile vipande vya mpira. Nilikuwa nimevikaza mno. Vidole vikashindwa, nikatumia meno, na mgambo wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Fundi alikuja akichechemea, bila haraka. Hakuniuliza jina wala kazi. Alipitisha dole gumba juu ya kovu, akarudia tena.

"Huu mkono wangu," alisema. "Shaba iliniishia, nikayeyusha kufuli la mke wa mwenye baiskeli. Msukuma wa Kaniha. Ilimkatikia mwaka wa kuhamia vijijini, kabeba mlango wa nyumba yake."

Mkubwa akamuuliza ana uhakika gani. Fundi akamwonyesha mikwaruzo mitatu ya tupa kwenye ukingo wa kovu, kisha akaenda kwenye baiskeli ya mkubwa mwenyewe na kumwonyesha mingine mitatu kama hiyo, chini ya tandiko. Mwaka wa kuhamia vijijini vita vilikuwa havijaotwa hata na mtu mmoja. Mkubwa akaichana ile karatasi yake, akaniambia niende.

Nilipanda, nikakanyaga pedali, na machozi yakanitoka barabarani mchana kweupe. Ilikuwa nafuu tupu. Mkutanoni nilifika watu wanatawanyika, nikakaripiwa, na kila neno la karipio lilikuwa tamu, maana anayekaripiwa bado ana kazi.

Siku ya mshahara nilikwenda Kaniha. Nilipiga hodi kwenye mlango wa mbao nzito, mkubwa kupita nyumba yenyewe. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama mbele yake saa nzima bila kuuona. Plau ilikuwa bado haijanunuliwa. Fedha niliyompa haikutosha. Nilimsimulia mzee yote, hata ya meno, nikaweka mezani kila nilichokuwa nimekata.

Akaigawa fedha mafungu mawili. Moja akalivuta kwake, la pili akalisukuma kwangu.

"Ya kovu napokea," alisema. "Ya lisiti chukua. Lisiti kweli sina."

Kisha akamwita balozi atuandikie. Baada ya rangi na namba ya fremu, mzee aliweka kidole kwenye karatasi, akasubiri mpaka balozi alipoongeza: imeungwa, ni imara.