Paka wetu wa Siamese alivyowazuia wazee wa posa mlangoni

Assalamu alaikum wakuu.

Siku zote humu nasoma tu na kuondoka, leo nimejikaza. Shule niliishia ya msingi na kwenye simu naandika herufi moja moja, kwa hiyo mnivumilie. Haya yametokea nyumbani kwetu Malindi, huku visiwani. Mama yangu yuko hai, na kila akikumbuka ananuna upya.

Kwanza mumjue paka mwenyewe.

Dada yangu Rukia alikuwa akifanya kazi kwa mama mmoja mgeni kule Shangani. Yule mama aliporudi kwao akamwachia Rukia paka wake. Jike, breed ya Siamese. Mwili una rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, macho ya buluu, masikio na miguu kahawia iliyokoza. Uso mweusi kama aliyetia kichwa kwenye sufuria ya kuni. Mama alipomwona mara ya kwanza alisema, "Huyu mkosheni uso kwanza."

Tukamwita Sheha, kama yule kiongozi wa mtaa, maana hakuna nyumba mtaani asiyoingia kujua nani kapika nini.

Wakuu, paka hawa wanaongea. Si ule mlio wa paka wetu wa kawaida. Huyu analia kama mtoto mchanga, ukimjibu anakujibu, ukinyamaza anauliza tena.

Sasa mimi ni mtu wa haya. Mgeni akipiga hodi, mimi napotelea jikoni. Sheha haya zangu hazijui. Hata chooni ananifuata, anakaa nje ya mlango akinisemesha mpaka nitoke. Mama husema, "Nyumba hii anayemtoa Makame maneno ni paka peke yake."

Makame ndiye mimi.

Tabia yake nyingine ni kurudisha vitu. Tupa kifuniko cha chupa, anakifukuza, anakuletea mguuni, anakaa kusubiri utupe tena. Utachoka wewe, yeye bado. Baadaye akaona hana haja ya kusubiri mtu atupe. Akaanza kujitafutia vya kuleta. Soksi, vitambaa, mwisho akagundua viatu.

Mnajua kwetu haingii mtu ndani na viatu, vyote vinabaki mlangoni. Kwa Sheha lile ni duka lisilo na mwenyewe. Na hachukui pea, anachukua kimoja tu. Anakiuma ukanda, anakiburuta ngazini mpaka kitandani kwangu, kisha anapiga kelele nije nione zawadi.

Nimesoma mtandaoni kuwa Siamese huchagua mtu mmoja akampenda kuliko wengine. Mimi ndiye niliyechaguliwa. Rukia anayemnunulia dagaa anaambulia mgongo.

Majirani walishazoea. Mtu akikosa ndala anaita kutoka nje, "Makame, hebu tazama kitandani kwako!"

Basi Rukia akaja kuposwa.

Kijana anatoka Mwanakwerekwe, na Rukia mwenyewe anamtaka. Hilo hakulisema, ila mtu anayepiga pasi buibui moja mara tatu anajulikana. Siku ya wazee kuja kuchukua jibu, wa kulitoa alikuwa Ami Khamis, mdogo wake marehemu baba. Ami ni mtu mwema sana, lakini hata chai ukimuuliza kama anataka, anasema atafikiria.

Mama alinishika sikio. "Mfungie paka wako. Leo akinitia aibu, kesho anahamia sokoni kwa wauza samaki."

Nikamfungia chumbani kwangu. Nilichokuwa sijui ni kwamba ameshajifunza kuruka akaning'inia kwenye kitasa mpaka kikashuka.

Wakaja wazee wanne, kanzu na makoti, wakavua makubadhi yao mlangoni. Mkubwa wao Mzee Haji, mjomba wa kijana, ametoka Makunduchi siku hiyohiyo. Makubadhi yake mapya, ngozi bado inanukia.

Nikapeleka kahawa na halua, nikarudi mbio jikoni kwa mama na Rukia. Tukawa tunasikiliza nyuma ya pazia.

Ami akakohoa. "Jambo hili halina haraka. Tupeni muda tutafakari. Mje mwezi ujao, au ule mwingine."

Mzee Haji akasema, "Haya. Anayetaka muda hanyimwi." Lakini sauti ilikuwa imepoa. Wakainuka. Rukia akageukia ukuta.

Mara nikasikia huko mlangoni, "Kiatu changu kimoja kiko wapi?"

"Na changu!"

"Khamis, mtaa wenu una wezi wa mguu mmoja?"

Na juu chumbani, Sheha akaanza kuniita kwa nguvu zake zote.

Mama alinitazama tu. Nikapanda ngazi. Kitandani makubadhi manne yamelala kwenye shuka yangu, na mwenyewe kakaa katikati kama bibi harusi anayesubiri kutunzwa.

Nikashuka nimeyakumbatia. Wazee wote wananitazama. Masikio yalikuwa yanawaka moto.

"Si mimi," nikasema. "Ni paka."

"Ati paka!" mmoja akacheka kwa dharau. "Paka anavaa namba ngapi?"

Sheha akashuka nyuma yangu, mkia juu, akimkemea kila aliyekuwepo. Mzee Haji akachukua kubadhi lake, akalitupa mwisho wa ukumbi kumjaribu. Paka mbio, akauma ukanda, akaliburuta mpaka miguuni pake, akakaa.

Mzee Haji alicheka mpaka akashika ukuta. Akatupa tena. Akaletewa tena.

"Bwana Khamis," akasema akifuta macho, "hata paka wenu hataki tuondoke. Anayetutoa ni wewe tu." Kisha akanigeukia. "Na wewe kijana, unasemaje?"

Wakuu, sijui nilipata wapi ulimi. Nikasema, "Ami, Rukia mwenyewe kamridhia."

Nyuma ya pazia mama akakohoa kikohozi kimoja, kile ambacho nyumba nzima tunakijua ni ndiyo.

"Mbona hamkunambia?" Ami akasema. "Basi kaeni, kaeni. Vueni viatu."

"Tuvue mara ngapi?" akajibu Mzee Haji, tayari ameshakaa.

Fatiha ya posa ikasomwa, na makubadhi yote yakiwa juu ya kabati.

Siku ya harusi mama alinipa kazi ya kupokea viatu mlangoni, mkono kwa mkono. Kila mgeni shikamoo, marahaba, karibu ndani. Sijawahi kuongea na watu wengi vile maishani. Sheha alifungiwa kwa jirani kwa ufunguo, akalalamika nikaha nzima. Siku hizi Mzee Haji akija anaingia na makubadhi kwapani na dagaa mfukoni, na wa kwanza kumuulizia si sisi.

Nilichojifunza: ukifuga Siamese, weka viatu juu na siri usiweke kabisa. Na wewe mwenye haya kama mimi, mtafute. Atakutia aibu mpaka haya zako ziishe zote.

Wenye kuwafuga humu, wa kwenu anaiba nini? Na kama yupo aliyeweza kumfundisha kuchukua pea nzima, anielekeze. Nitajibu, ila polepole.