Mbuzi wa Mama Rosa

Siku ile bado naikumbuka, mjukuu wangu, na kila nikiikumbuka natazama chini. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita hapa hapa Tungue, nachunga mbuzi wawili wa baba. Desturi yetu unaijua: muhogo ukiwa shambani, mbuzi hulishwa kwa kamba, kigingi kikapigwa mbali na mazao ya watu. Mbuzi akila shamba la mtu hukamatwa, akakaa kwa mwenye shamba mpaka wazee waamue.

Ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mpaka mwambani, na wenzangu wanakwenda kuchokoa pweza. Nani angekubali kukaa na mbuzi? Nikaunga kamba ziwe ndefu, nikapiga kigingi kando ya shamba la Bi Zainabu, nikaondoka mbio. Niliporudi, mbuzi walikuwa wamepenya ua, wamekula kisamvu chote na kubakiza vijiti. Nikaruka ua kuwavuta nje kabla hatujaonekana, mti mmoja wa ua ukanichubua mguu kuanzia gotini. Si jeraha, mchubuko tu, lakini uliwaka.

Bi Zainabu, mjane wa watu, alilia alipoona shamba lake. Mwenye Bakari, mkubwa wa kijiji, akauliza nani ameona mbuzi. Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Nikasema, "Nimemwona mbuzi wa Mama Rosa."

Mama Rosa alikuwa Mmakonde, Mkristo, ametoka bara na watoto watatu, hana mume wala ndugu hapa. Mbuzi alikuwa naye mmoja tu, na maziwa yake ndiyo aliyokuwa akimnywesha mtoto wake mdogo, mgonjwa. Alisema, "Mbuzi wangu hajatoka uani leo." Hakuna aliyemuuliza mara ya pili. Mnyonge hana haki. Walimchukua mbuzi wake mbele ya macho yangu. Na sikumtaja kwa kuteleza, nataka ulijue hilo. Nilimtaja kwa sababu nilijua hana wa kumtetea.

Jioni nilipita kwake nikichechemea. Akaniita, akaniketisha mkekani, akauosha mchubuko kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Akachomoa kibanzi, akakigeuzageuza kidoleni. Ua wa miti ya mkoko kijijini ulikuwa mmoja tu, wa Bi Zainabu.

"Huu mkoko," akasema. Akanifunga kitambaa polepole. "Ngozi itapona, mwanangu. Hayo mengine nakuachia wewe."

Nilitamani anipige. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi niliponywa na mgeni niliyemdhulumu, nikaenda zangu bila hata kusema asante.

Siku tatu nilijiambia kesho. Siku ya nne nikamwendea Mwenye Bakari nikasema kweli. Hakunigombeza. Alisema tu, "Umekuja kwangu kwa sababu si mimi uliyenidhulumu. Mchukue mbuzi kwa Bi Zainabu, umpelekee mwenyewe." Nikamkokota hadi kwa Mama Rosa, nikakuta nyumba tupu. Alikuwa ameondoka alfajiri na watoto wake kuelekea Namoto, avuke mto wa mpakani. Sikumwona tena. Mtoto yule mgonjwa, sijui alikunywa nini njiani. Nimeota mvi, mwanangu, na aibu hiyo haijazeeka.

Sasa wewe. Juzi ndoo ya mama yako ilipopotea kisimani, nilikusikia ukisema, "Ni yule mama aliyekimbia vita." Hukuwa umeona kitu. Ndoo imepatikana kwa shangazi yako, kikulacho ki nguoni mwako, mkacheka, yakaisha. Kwako yameisha. Yule mama tangu juzi hajaja kuchota maji pale.

Usilitie kinywani jina la mtu kwa kuwa ni mgeni na hana wa kumsemea. Na ukishakosa, usitafute wa kukusamehe upesi. Mwendee uliyemuumiza, angali yupo. Usingoje kesho, kesho ndiyo iliyoniponza mimi. Mwombe radhi mbele ya wale wale waliokusikia, na ukitetemeka, tetemeka, lakini useme.

Inuka, mwanangu. Mungu akupe ulimi wa kweli, akufikishe kwa yule mama kabla hajafunga mizigo.