Namba Aliyoiandika Lorna Kwenye Kioo

Kwa miaka kumi na moja Verlin Stroud hakuwahi kuikagua namba aliyoandikiwa na mkewe kwenye kioo cha gari. Alikuwa akiketi, anafunga mikanda, anavaa helmeti, kisha anamtajia Lorna namba, na Lorna anaiandika kwa rangi nyeupe ya viatu, kubwa, ili waamuzi wa mbio walio mnarani waisome. Madereva wengine walikuwa wakishuka kuhakikisha. Yeye hapana. "Nina mke, nikague nini," alikuwa akisema, na wenzake wanamcheka.

Verlin alikuwa mtu wa maziwa. Kila siku saa kumi alfajiri, hata Krismasi, alikuwa barabarani na lori la tangi, akikusanya maziwa kwenye mashamba kumi na manne ya vilima vya kusini mwa Indiana. Mashamba yote alikuwa nayo kichwani kwa mpangilio wake, na lipi lina mbwa mkali, na lipi lina bibi atakayemchelewesha kwa kahawa. Mchana akirudi hakai. Atatengeneza pampu ya jirani, atamsuka binti yake Dessie nywele vibaya mpaka mtoto acheke mwenyewe kwenye kioo, atambeba mdogo wake mchanga, Opal, mkono mmoja huku anakoroga maharage. Kwa ajili yake mwenyewe alitaka kitu kimoja tu: Jumamosi, akishamaliza maziwa, aende kwenye mbio.

Gari lake lilikuwa Nova ya mwaka sabini na mbili, aliyoikuta imeota majani nyuma ya banda la baba yake. Aliifufua kwa miaka mitatu, akaipaka rangi ya haradali. Baba yake hakuiona ikitembea. Mzee alianza kusahau akiwa na miaka arobaini na mitano, na mwisho akawa anamwita Verlin kwa jina la mbwa. Verlin hakupenda kulizungumza hilo. Yeye sasa alikuwa na miaka thelathini na tisa.

Mbio zenyewe ni za magari mawili mawili, njia iliyonyooka, sekunde saba hivi na yameisha. Kabla ya kuondoka kila mmoja anaandika kwenye kioo muda anaotabiri gari lake litautumia, sekunde na sehemu zake za mia. Mwenye gari la polepole anatangulizwa, ili hata lori bovu liweze kulishinda gari la maana. Lakini ukienda kasi kuliko ulichoandika, umeshindwa, hata kama umefika wa kwanza. Maana yake umedanganya ili utangulizwe zaidi. Kwa watu wale hakuna wizi mbaya kama huo.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, dada yake Lorna, Rosalyn, alikuwa anakuja kula chakula cha jioni na mumewe, daktari wa meno. Saa kumi na mbili wangefika. Lorna alikuwa na sababu ya kuhangaika. Sikukuu iliyopita, Verlin alipompitishia yule daktari bakuli la mchuzi, daktari aliziangalia kucha za Verlin, akalipokea bakuli kwa vidole viwili. Lorna akaona. Akamwambia mumewe mbele ya watu wote, "Hebu nenda ukanawe tena." Naye akainuka akaenda kunawa, mikono ambayo alikuwa ameisugua kwa nusu saa.

Sasa ilikuwa saa kumi na moja, na Verlin alikuwa anashinda tu. Raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Joto, vumbi, harufu ya mpira ulioungua. Opal analia, Dessie kajipaka haradali ya soseji mpaka masikioni.

"Shemeji," Harlan Teague alimwita kutoka gari la jirani. Harlan ni fundi wa matrekta, mdomo haufungi. "Mletee mumeo mto na blanketi. Leo halali nyumbani huyu, atalala na kombe."

"Nina wageni, Harlan."

"Waambie walete chakula huku. Tutakula wote."

Lorna alimwona kichwani daktari wa meno akila kwenye kiti cha kukunja pale vumbini, na suruali yake iliyopigwa pasi. Uso ukamwaka moto.

Verlin alishafunga mikanda. Raundi hii alipaswa kushindana na Harlan. "Saba na thelathini," alisema kutoka ndani ya helmeti.

Lorna aliandika saba. Alipofika hapo mkono ukasimama. Akishindwa sasa, aliwaza, saa kumi na moja na nusu tuko barabarani, ataoga, atavaa shati jeupe. Akaandika arobaini. Akafunga kichupa, akarudi nyuma.

Verlin alifika wa kwanza. Kipaza sauti kikasema, "Stroud, saba na thelathini na moja, kwenye kioo ni arobaini. Ameizidi namba yake. Teague anaendelea."

Watu walizomea kidogo, kwa sababu hawakuwahi kumzomea. Harlan alirudi akicheka, lakini kicheko hakikuwa na utani ndani yake. "Sekunde nzima kasoro, mzee wa maziwa? Ulikuwa umeificha kwenye tangi?" Haikuwa karibu na sekunde nzima, ila hakuna aliyemrekebisha.

Verlin alizunguka akakiangalia kioo. Alikiangalia muda mrefu.

"Nilisema arobaini?" alimuuliza Lorna.

Lorna angeweza kusema ukweli pale pale. Harlan alikuwa amesimama, na mke wa Harlan, na nusu ya watu anaokutana nao kanisani.

"Ulisema arobaini," alijibu.

Chakula kilikwenda vizuri. Rosalyn alisifu saladi ya viazi. Verlin, kwenye shati jeupe, hakusema zaidi ya maneno kumi, na Lorna akadhani amekasirika kwa kushindwa, litapita.

Halikupita. Wiki iliyofuata, akifua, Lorna alikuta karatasi kwenye mfuko wa shati la kazi la Verlin. Mashamba kumi na manne, yamepangwa kwa namba, kwa mwandiko wa kubana. Siku nyingine alimkuta anarudi kutoka mlangoni mara ya pili kuangalia kama amezima jiko. Halafu jioni moja alisema, bila kumtazama, "Nimempigia Harlan. Anakuja Jumapili kulichukua gari."

"Kwa nini?"

"Mtu asiyejua anachosema asiendeshe kitu kama kile. Na mwisho wa mwaka nitaacha lori. Barabarani kuna basi la shule, Lorna."

Hapo Lorna akajua, huyu anazungumza habari za baba yake. Siku nne alilibeba kosa lake. Akiosha vyombo, lipo. Akimnyonyesha Opal, lipo, akaona mtoto anamtazama akageuza uso. Mara mbili alifungua mdomo, mara mbili akauliza kama anataka chumvi.

Jumapili Harlan alikuja na trela. Verlin alimkabidhi daftari la muda wa kila mbio, akamweleza jinsi gia ya pili inavyokwama asubuhi. Harlan hakutania. Alishika kamba ya trela, anaangalia chini. Nova ilikuwa imeshapanda magurudumu ya mbele Lorna alipotoka jikoni na mtoto mkononi.

"Ulisema thelathini," alisema.

Wanaume wote wawili walimgeukia.

"Siku ile. Ulisema thelathini, mimi nikaandika arobaini. Kwa makusudi. Nilitaka ushindwe turudi nyumbani kabla ya Rosalyn." Halafu, kwa kuwa lile lingine lilikuwa baya zaidi, "Nilikuwa naona haya. Mikono yako."

Harlan alivua kofia, akaivaa tena. "Na mimi wiki zote hizi nimemwita mwizi," alisema kwa sauti ndogo.

Verlin alitoa ile karatasi mfukoni. Hakuifungua. Akamtazama mkewe usoni, akaanza kuyataja mashamba, moja baada ya jingine, polepole, mpaka la kumi na nne. Alipomaliza akampa Lorna karatasi.

"Nimesahau hata moja?"

Lorna aliifungua akasoma, ingawa alijua. "Hapana."

"Harlan, teremsha gari," Verlin alisema, akaingia bandani. Hakutoka mpaka giza lilipoingia.

Jumamosi iliyofuata walikwenda kama kawaida. Verlin hakumgombeza hata mara moja, na Lorna aliona heri angemgombeza. Foleni iliposogea alikwenda dirishani na kichupa chake. Verlin alifungua mikanda, akashuka, akakichukua mkononi mwake bila ukali. Akaandika mwenyewe. Tatu ilikaa upande, rangi ikachuruzika.

"Inasomeka?"

"Inasomeka."

"Ngapi?"

"Saba na thelathini na moja."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akaisoma mwenyewe.