Gundi ya Laptop Siku ya Kumzika Kaka

Mkitaka kucheka chekeni kidogo tu, maana hata leo naona aibu kukatiza mbele ya watu wa Nanyala, kijijini kwetu.

Kaka yangu Ezekia alikuwa utingo wa lori, wakapata ajali mteremkoni, na wazee walipotoka mochwari walisema jeneza halitafunguliwa. Mama akalia, atamuagaje mwanawe bila kuuona uso wake? Ndipo mjuaji mimi nikadakia: simu yake imesagika naye, lakini picha zake zote alizihifadhi kwenye laptop yangu, tutaiweka juu ya jeneza, watu wapite waage. Mchungaji akakubali, na mama akatulia kwa mara ya kwanza tangu taarifa ije.

Shida ni kwamba kioo cha laptop ile kilikuwa kimelegea, bawaba imeng'oka, ukikiachia kinalala chali. Mafundi wamejaa Tunduma, ila nikajiambia ya nini kwenda mjini wakati viatu vyangu vyote nabandika mwenyewe kwa supa gluu? Nikamimina pale kwenye bawaba (kwa ukarimu, msiba si wa kubania), nikaifunga, nikaiwekea debe la mahindi juu yake ili ishike, kama tunavyofanya kwa soli ya kiatu. Asubuhi ilikuwa imeshika kweli.

Kuaga kulipoanza mama akaletwa wa kwanza, kashikwa huku na huku. Nikafungua laptop, haifunguki. Gundi ilikuwa imetiririka mpaka ukingoni, kioo na kibodi vimekuwa kitu kimoja. Nikavuta tena, jasho linanitoka, kwaya inarudia ubeti uleule hadi sauti zinakwaruza, mjomba akaninong'oneza, "Tumia kisu, mjomba," na mimi bila akili nikapokea kisu cha jikoni nikaanza kuchokonoa juu ya jeneza la kaka yangu mbele ya kijiji kizima. Ikalia kaa! Kioo kikapasuka, kipande kikabaki kimeng'ang'ania kibodi.

Shangazi aliyevuka kutoka Zambia akapiga yowe la kwao, "Mayo!", yaani mama wee. Mtu mmoja nyuma akacheka (namjua, wala simlaumu). Mama alikuwa bado ameinama, anasubiri.

"Yuko wapi?" akaniuliza. "Mbona naona giza tu?"

Mchungaji akamwondoa polepole, na watu wakapita wakiinamia mbao za jeneza.

Baada ya mazishi ndipo nikaenda kwa fundi Tunduma, akaweka kioo kipya na bawaba mpya, nikamletea mama picha. Hakutaka hata kugeuka.

"Funga, mwanangu. Mimi nilitaka kumuaga. Sasa nikimtazama namwambia nini, na ameshaondoka?"

Supa gluu niliitupa chooni, na siku hizi kitu kikilegea nyumbani sikigusi, nakipeleka kwa anayejua. Picha za kaka bado zimo. Laptop yenyewe sasa inafunguka kwa kidole kimoja tu, na kila ikifunguka hivyo roho inaniuma.