Ijumaa ya Mwisho ya Mheshimiwa

Siku hizi nikikaa barazani pa nyumba niliyoijenga Morogoro kwa jasho langu mwenyewe, mawazo hunirudisha Sydney, kwenye ofisi ya mbunge niliyemfanyia kazi. Hakuwa wa bunge la taifa. Alikuwa wa bunge la jimbo, linaloshughulika na shule, hospitali na nyumba za serikali. Alikaa humo zaidi ya miaka ishirini bila kuwa waziri hata siku moja. Alipigania lifti ya stesheni na kivuko cha watoto wa shule, na watu wakamrudisha kila uchaguzi. Nami, kwa stashahada niliyoisomea jioni huku mchana nikiogesha wazee, ndimi Mwafrika wa kwanza kuketi mapokezi pale. Nasema ukweli tu.

Kiangazi alichostaafu, kila kitu ofisini kilikuwa kama kinaelea. Feni ilizunguka polepole, treni zikinguruma kwa mbali, naye akipanga vitabu kwenye maboksi, mara akisimama na kimoja mkononi kana kwamba amesahau ni cha nani.

Ndipo alipokuja mama mmoja Mrundi niliyemjua kanisani. Aliishi mtaa wa Merrylands, nyumba ya serikali, ghorofa ya tatu, bila lifti. Magoti yalikuwa yamekwisha, na alishaanguka ngazini. Barua ya mbunge ingeweza kumsaidia ahamishiwe chini, ila utaratibu wetu ulitaka mwenye shida aiseme mwenyewe.

Ijumaa ya kwanza alileta maandazi, akamsalimu mzee, yaani mbunge wetu, akaondoka. Ya pili vilevile.

"Mama, sema basi! Anaondoka huyu," nilimwambia mlangoni.

"Mwanangu, kule kambi ya wakimbizi nimeona wakubwa wengi. Mkubwa haondoki, anahama kiti tu. Na shida haivuliwi kama kiatu, ukifika tu."

Ijumaa ya tatu ilikuwa siku ya mwisho ya mzee ofisini. Mama akaketi, nami nikatafsiri salamu zake: umeshindaje, mama watoto hajambo, wajukuu wanakua?

Mzee akacheka. "Mke wangu mwenyewe hanijulii hali namna hii. Muulize anataka nini."

"Ukimuuliza hivyo atasema hataki kitu. Kaa, ule andazi. Nawe muulize ya kwake, pole pole."

Mtu aliyehutubia bunge miaka yote ile akanitii. Akauliza watoto, akauliza mvua za kwao, akauliza usingizi. Hapo mama akapandisha kitenge kidogo, akamwonyesha goti lililovimba.

"Nikilala naziota ngazi, mheshimiwa."

Mzee hakuuliza zaidi. Aliiandika barua kwa mkono wake, jua la alasiri likitembea juu ya karatasi, akatia saini.

Miezi michache baadaye nilimbebea mama godoro hadi nyumba yake mpya ya chini. Mlangoni alisimama, akakitazama kizingiti, kimoja tu, kisha akakivuka taratibu kama mtu anayeingia majini.