Vitwitwi Wachanga Hubaki Tudor

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipofunga mkoba wangu nirudi kwetu Kaloleni, na mafunzo ya uuguzi hata nusu sijafika. Nilikuwa nikikaa Bondeni kwa Bi Rukia, rafiki wa mamangu, aliyenipokea bila kunidai chochote. Tukila sinia moja. Nami nilifunzwa nyumbani kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini, basi nikila matonge mawili tu na kuapa nimeshiba. Nikakonda. Jana yake nilikuwa nimeanguka wodini kwa njaa, na aliyenipepea, usicheke, ni mgonjwa! Aibu ile ndiyo iliyonifungisha mkoba.

Bi Rukia aliuona mkoba, wala hakunigombeza. Alijitanda leso, akanishika mkono mpaka ufuoni Tudor. Maji yalikuwa yamekupwa, na matope yamejaa vitwitwi, wale ndege wadogo wa pwani, wakidonoa bila kuinua vichwa.

"Ndoo hapa utizame," akasema. "Hawa kwao ni nchi za baridi. Hufika hapa mifupa mitupu, wakakaa miezi mingi wakila na kubadili manyoya. Masika yakikaribia, wakubwa huwa wamenona, ndipo huenda zao kutaga. Wachanga hawaendi. Hubaki papa hapa mpaka wapate nguvu. Wewe mbio zako ni za nini? Na umemuona hata mmoja anayeona haya?"

Nilicheka, kisha nikalia. "Lakini mama, nakula chako."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tangu uje, nyumba yangu ina sauti ya mtu. Hilo hulioni?"

Mchana ule nilikula pilau mpaka ukoko nikaukwangua. Mafunzo nikayamaliza. Miaka mingi baadaye Bi Rukia alizeeka, mkono ukakataa kufika kinywani, nikawa mimi ndiye ninayemlisha. Kila tonge alilipokea akitabasamu, wala hakuniambia ameshiba kabla hajashiba. Namshukuru mpaka leo, Mungu amrehemu.

Basi, mwanangu, ukipokewa mahali, kula, lala, jifunze, upate nguvu za safari yako. Kujinyima si shukurani. Na matope ya Tudor usiyatupie taka, hiyo ni sahani ya mwenzio. Mungu akujaalie mlango wa kukupokea, na siku yako ikifika, akujaalie wa kumpokea.